Mama Consolée Mwavita na Mbegu Nyekundu za Wamaza

Ndugu zetu mlio hapa, majirani wa Kasongo, na ninyi mliotembea siku mbili kutoka Wamaza mkafika jana na miguu imevimba, familia inawaomba mtutegee sikio kidogo, tuwasomee maisha ya dada yetu kabla hatujamfikisha kaburini, na yale magumu hatutayaruka.

Mama Consolée Mwavita Kalonda alizaliwa Wamaza, katika eneo la Kabambare, tarehe 14 Aprili 1971, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu mzee Clovis Kalonda na mama Régina Feza, ambaye yuko hai na ameketi hapa mbele yenu. Shule ya msingi aliisoma kulekule Wamaza kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, kisha akaletwa hapa Kasongo kwa shangazi yetu, akasoma kilimo kwenye sekondari, akapata diploma ya Serikali mwaka 1990, msichana peke yake katika darasa la watu ishirini na wawili.

Septemba 1992 aliajiriwa kuwa monita wa kilimo, kazi ya kupita kijiji kwa kijiji kuwafundisha wakulima, akaifanya kwa baiskeli, na pale njia ilipomkataa, kwa miguu. Zao lake lilikuwa mahindi. Wazee walipomwambia kwamba mahindi ni ya mababu wa Wabangubangu tangu mwanzo, aliwaeleza polepole kwamba waliolima kwanza walikuwa watu wa Meksiko, maelfu ya miaka iliyopita, na kwamba yalivuka bahari, yakapita mikono ya wachuuzi wengi mpaka yakafika Lualaba. Wazee hawakupendezwa, ila kiti walimpa. Aliwaonyesha tofauti ya mahindi meupe ya kienyeji, yenye punje ngumu ambayo wadudu hawaitoboi upesi, na ya njano, ambayo alisema yanasaidia macho ya watoto, na yale ya miezi mitatu, yanayookoa nyumba wakati mihogo haijakomaa. Akina mama wa kituo cha afya wanakumbuka alivyokuwa akikoroga uji wa mahindi na soya kwa mkono wake, akiwakataza kutupa pumba zote, akirudia kwamba bukari, yaani ugali, peke yake haimjengi mtoto, lazima iende na maharagwe, karanga au samaki.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa hapa Kasongo na mwalimu Heri Mulonda, wakajaliwa watoto watatu, Rosine mwaka 1995, Chadrack mwaka 1998 na Plamedi mwaka 2004.

Sasa tunafika mwaka 2018. Wenye silaha walikuwa wamewafukuza watu wa Wamaza tangu Agosti ya mwaka uliotangulia, wengi wakalala porini, wengine wakakimbilia Salamabila na hapa mjini, na waliporudi mwezi wa Februari walikuta ghala zimechomwa na mashamba yamekuwa nyasi. Shirika moja likaahidi mbegu za mahindi kwa familia arobaini na moja, na dada yetu akapewa kazi ya kutangulia kuwaeleza watu, kwa sababu mbegu hizo zilikuwa zimepakwa dawa nyekundu ya kuua wadudu, ni za kupanda tu, si za kula.

Tarehe 6 Machi pikipiki kumi na mbili ziliondoka Kasongo na mifuko. Ile iliyombeba Consolée ilikatika mnyororo baada ya daraja, zaidi ya nusu ya safari, na zile nyingine hazikumsubiri, kwa maana madereva waliogopa kukutwa na giza njiani. Zilifika, zikashusha, kila nyumba ikapewa kilo kumi, zikageuza. Maandishi ya kwenye mifuko yalikuwa ya lugha ambayo hakuna mtu pale aliyeijua.

Yeye alifika kwa miguu asubuhi ya tarehe 7, saa tatu, na kabla ya kufika kwenye nyumba za kwanza aliona kijito kinashuka na maji mekundu, na juu yake akina mama watano wameinama wanaosha mahindi. Wakamsalimu kwa furaha, wakamweleza kwamba rangi inatoka ukiosha mara tatu. Aliwaambia waache, kwamba rangi inatoka lakini sumu inabaki, na alisikia vinu vinatwanga upande wote wa kijiji.

Alimwomba katekista apige kengele. Watu wakatoka, lakini neno lililotangulia mbele ya maneno yake ni kwamba Consolée amekuja kuyachukua tena mahindi, basi mifuko ikaingizwa chini ya vitanda na kwenye majani, na wengine wakarudi ndani na kufunga milango. Wakati huohuo mwuguzi wa kituo akatuma habari kwamba watoto watatu wameletwa wanatapika. Hapo dada yetu akaona maneno hayatoshi, akachukua orodha ya majina, akaanza kuingia jikoni kwa watu, nyumba moja baada ya nyingine.

Katika jiko la kwanza alimwaga sufuria nzima chini, na mama wa nyumba ile akauangalia mvuke, akamuuliza, “Sasa umemwaga, watoto wakule nini?”

Consolée akatoka, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mama yetu, ambaye alikuwa na masuke zaidi ya mia mbili ya mahindi meupe yamesukwa na kuning'inizwa juu ya moto, yaleyale aliyoyabeba mgongoni porini miezi sita na hakukubali yaguswe, hata siku wajukuu walipokula mizizi. Mama Régina alimwona anapanda kuyashusha, akamshika nguo.

“Consolée, hii iko mbegu.”

“Mama, leo iko chakula.”

Mama aliachia nguo. Kisha akaleta kikapu, akamfuata, binti akimwaga, mama akiacha masuke matano katika kila nyumba, na ilipofika saa tisa walikuwa wamepita nyumba arobaini. Iliyobaki ilikuwa ya baba mmoja, Octave, ng'ambo ya kijito.

Octave alikuwa amesimama mlangoni na panga, sufuria iko motoni nyuma yake, na ametusihi tusilifiche jambo hili leo. Alimwambia, “Mama, watoto wangu siku mbili hawajakula. Ukigusa hii sufuria, nitakukata.”

Dada yetu alipita pembeni yake, akaingia. “Utanikata kiisha nimemwaga,” alimwambia, akamwaga. Octave alibaki na panga mkononi, hakuinua. Alichojua Octave, na Consolée hakujua, ni kwamba mtoto wake wa mwisho, Sifa, wa miaka minne, alikuwa amekwisha kula punje za kukaanga mchana ule. Mtoto alipoanza kutapika, walimkimbiza kituoni wote wawili, wakibadilishana kumbeba.

Watoto tisa waliugua Wamaza siku ile, wanane wakapona. Sifa alifariki alfajiri ya tarehe 8 Machi 2018. Kwenye maziko watu walimwambia Consolée kwamba kosa si lake, mnyororo ulikatika, naye akasimama akasema mbele ya wote, “Nilipaswa kuwa mbele ya mifuko, nilikuwa nyuma yake.” Hatukumsikia akijitetea, wala mwaka ule wala baadaye.

Mbegu nyekundu zilizosalia zilipandwa mwezi uleule, yeye akiwa shambani kila siku, mikono ya watu ikioshwa kwa sabuni mbele ya macho yake. Viwavi walikula sehemu, ila mwezi wa Julai Wamaza ilivuna. Aliliandikia shirika barua mara tatu, akiomba mfuko wowote usitangulie mtu wa kueleza, barua mbili hazikujibiwa, ya tatu ilijibiwa, na tangu 2019 imekuwa hivyo. Octave hakumsalimia kwa miaka miwili. Mwezi wa Septemba 2020 alikuja hapa uani, akaomba afundishwe namna ya kuitambua mbegu yenye dawa, wakakaa hadi jioni, akala nasi, na jina la Sifa halikutajwa na yeyote kati yao. Leo ni yeye anayetangulia mbele ya mifuko katika vijiji saba.

Ugonjwa wa shinikizo la damu ulimwanza mwaka 2022. Tarehe 3 Januari 2026 alianguka jikoni, upande wa kuume ukapooza, akapelekwa hospitali hapa Kasongo, akapambana siku tano, akaaga tarehe 8 Januari, saa nne asubuhi, mume wake na Plamedi wakiwa wamemshika mikono. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakuondoka kitandani pake, wenzake wa kazi ya kilimo, mzee Abdallah jirani yetu aliyefungua duka na ua wake kwa ajili ya wageni, Wakristo na Waislamu mliokesha nasi, na watu wa Wamaza, ambao hatuna neno la kuwatosha.

Limebaki moja. Shamba lake limekauka, mahindi yameinamisha vichwa, na mvua hizi zitayaozesha, kwa hiyo matanga yatakwisha kesho, na Jumatatu tarehe 12, saa kumi na mbili asubuhi, tunaingia kuvuna. Anayetaka kuendelea kumlilia aje na kikapu.

Mwavita, binti ya Régina, umechoka sasa. Lala, upumzike kwa amani.