Watazamaji wa Vilele vya Kitalu cha Saba

Mgeni rasmi, ambaye ndiye mkurugenzi wetu wa mashamba ya miti, bwana msimamizi, wakataji, madereva wa trekta, na ndugu mliokalia magogo kwa kuwa viti havikutosha:

Kuna jirani aliwahi kumsimamisha mwenzetu mmoja njiani akamuuliza, "Mama, hivi ni kweli unalipwa kwa kutazama juu?" Mwenzetu alikuwa na ndoo kichwani. Akamjibu, "Ni kweli. Na siku nitakayotazama chini, utaitwa uje na jembe tuchimbe kaburi." Jirani alitaka kucheka, akaghairi.

Mwenzetu huyo ni mjane, amesoma mpaka darasa la saba, na ndiye aliyeandika risala hii na ndiye anayeisoma. Makosa ya maandishi ni yake. Yaliyomo ni yetu sote.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Tumeambiwa umekuja kutukabidhi cheti cha siku elfu moja bila ajali, nasi tumefurahi. Bwana msimamizi aliomba aione risala kwanza. Tulimpa ukurasa wa kwanza, maana wa pili ulikuwa haujaandikwa. Sasa umeandikwa.

HISTORIA

Misonobari ya kitalu cha saba ilipandwa karibu karibu, na muda wa kuipunguza ukapita bila mtu kuigusa. Leo imebanana kama watu kwenye foleni ya maji. Matawi yameshikana huko juu, na aliye chini haoni mbingu ila vipande. Ukikata mti mmoja humo, unasumbua mitano. Mmoja unaweza kulalia mwenzake ukagoma kushuka. Mwingine unajizungusha ukiwa nusu njia. Na tawi lililokauka zamani, lililonasa juu bila mtu kujua, linasubiri kutikiswa tu.

Zamani mkataji aliingia humo peke yake na msumeno wake wa mnyororo. Msimu mmoja tulizika watatu.

Msimu uliofuata, mwenzetu huyu, wakati ule akiwa na mumewe, alimpelekea chakula. Mume alikuwa ameinamia shina, masikio ameyaziba, unga wa mbao unaruka. Mke akaona kilele kimeanza kugeukia upande usio wake. Akaita, wapi. Akaokota kipande cha kuni akamtupia mgongoni. Mume alikimbia kwanza, akakasirika baadaye. Aliporudi kuufuata msumeno wake aliukuta umelaliwa na mti. Akakaa chini, akala chakula chote, kisha akasema, "Kesho njoo mapema. Lakini usinipige na kuni, tafuta ufito."

Ndivyo kazi yetu ilivyoanza. Ufito una urefu wa mita nne. Kabla ya msumeno kuwashwa, mkataji na mtazamaji wanauzunguka mti pamoja, wanakubaliana utaangukia wapi, na wanafyeka njia ya kukimbilia, kwa nyuma na kwa pembeni. Mtazamaji anasimama kwenye njia hiyo. Mkataji anatazama mbao, yeye anatazama kilele. Mguso mmoja begani, simama. Miguso miwili, kimbia, usiulize.

Wengi hudhani mume wa mwenzetu aliuawa na mti. Hapana. Aliugua mapafu, akafia kitandani kwake, ana mikono yote miwili na miguu yote miwili, amemshika mkewe kidole. Mjane huyu humshukuru Mungu kwa kifo kile kila asubuhi. Na sala yake ya mchana, kule msituni, huisali macho wazi, akitazama juu. Anasema Mungu anaijua sababu.

MAFANIKIO

Tuko wanawake kumi na mmoja. Tangu daftari la ajali lifunguliwe halijaandikwa jina hata moja. Hayo ndiyo mafanikio, hatuna mengine.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, hapa tunaomba utuvumilie.

Mwezi huu tumepewa barua. Inasema kuanzia tarehe mosi watazamaji wote tunaondolewa, kwa kuwa kumbukumbu zinaonyesha hakuna ajali za kuzuia. Tuliisoma mara tatu tukidhani tumekosea. Mtu anakunywa dawa, anapona, halafu anaambiwa dawa haikuwa na kazi kwa sababu haumwi?

Tumeitwa wachunga hewa. Tumeulizwa kama shingo zetu zina mkataba. Hayo tuliyameza. Lakini Jumanne ile hatuwezi kuimeza, na haimo katika daftari utakaloonyeshwa leo, kwa hiyo tunaisema.

Jumanne hiyo bwana msimamizi alitaka kujaribu ukataji bila mtazamaji. Alichagua mti mwenyewe, katikati ya msongamano. Mkataji alikuwa yule tunayemwita Taratibu, kwa sababu hajawahi kufanya jambo haraka isipokuwa kukimbia.

"Mama, wewe leo kaa kule barabarani," msimamizi alimwambia mwenzetu.

"Na juu atatazama nani, mwanangu?"

"Taratibu ana macho."

"Anayo. Lakini yako kwenye mnyororo wa msumeno. Akiyatoa pale, mguu wake unaondoka."

Taratibu akasema, "Bosi, mti huu una wenzake wanne waliokumbatiana nao. Sioni juu kuna nini."

"Unaogopa?"

"Naogopa. Ndiyo maana bado nina meno."

Watu walicheka. Msimamizi hakucheka. Alisema ambaye hawezi kazi aseme, wanaoitaka wapo. Taratibu ana watoto watano. Akafyeka njia yake ya kukimbilia, akawasha msumeno.

Mwenzetu alisimama barabarani kama alivyoamriwa. Hatua arobaini. Kutoka huko aliweza kuona vilele vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa karibu. Taratibu alikata mdomo wa mbele, upande ambao mti utaangukia, ukawa safi. Akahamia nyuma. Msumeno ulipoanza kuingia, mwenzetu akaona kitu kinacheza juu ya mti wa jirani. Ni tawi lililokufa, nene kama paja, limeegemea mti unaokatwa. Kila shina lilipotetemeka, tawi lilishuka kidogo. Likasimama. Likashuka tena.

Hakumwomba mtu ruhusa. Alikimbia kwa njia ya kukimbilia, mwanamke wa miaka hamsini na nane, kanga imebaki kwenye kichaka, akanyoosha ufito wake, akamgusa mara mbili.

Taratibu aliacha msumeno palepale. Walipofika hatua ya tano, tawi lilianguka mahali alipokuwa amepiga goti. Mpini wa msumeno ulivunjika. Mti wenyewe ulilalia wenzake, na hakuna aliyepita chini yake mpaka kesho yake trekta lilipouvuta kwa kamba ndefu. Hilo nalo tulilisimamia sisi.

Unajua kilichoandikwa? Kwenye daftari: hakuna ajali. Kwenye karatasi aliyopewa mwenzetu: onyo, kwa kuacha mahali alipoamriwa kusimama. Hiyo hapa. Imekunjwa ndani ya risala hii ili uisome mwenyewe.

Kwa hiyo cheti chako kina siku elfu moja, na moja kati ya hizo ni Jumanne ile. Mgeni rasmi, hatusemi kwa kukukosea adabu. Tumekasirika. Tulisali hasira itutoke kabla hujafika, na bado haijatutoka.

MAOMBI

Tuna ombi moja. Miavuli, viatu na choo cha wanawake tungeviomba siku nyingine. Leo tunaomba barua ile ifutwe, na iandikwe kwamba hakuna msumeno utakaowashwa kitalu cha saba bila mtu wa kutazama juu. Iandikwe kwa mkono wako, kabla hujapanda gari. Ukituahidi kuifikiria, tarehe mosi itafika kabla hujamaliza kufikiri.

Si lazima tuwe sisi. Waweke wanaume, waweke watoto wa wakubwa, mradi wanatazama.

HITIMISHO

Mungu akufikishe nyumbani salama, akukutanishe na watu wako wote wakiwa wazima, na akupe usingizi mzuri kama uliowapata wake wa wakataji tangu kazi hii ianze.

Ni sisi, Kikundi cha Watazamaji wa Vilele, Kitalu cha Saba.

Jambo la mwisho, tumelikubaliana jana usiku na mwenzetu ameliandika kwa mkono wake. Ratiba inasema baada ya risala utaonyeshwa mti ukikatwa, bila mtazamaji. Taratibu ameshapelekwa huko na msumeno mpya. Kwa hiyo anayesoma hatangoja makofi wala jibu. Ataiweka karatasi hii mbele yako, na ile ya onyo juu yake, atapita katikati ya viti, atatoka kwenda kusimama nyuma ya Taratibu. Hataongeza neno.