Waridi Kumi na Mbili za Yadviha

Mlango ulipofunguliwa niliinua maua yangu kama mtu anayekabidhi kombe. Yadviha Karpuk, bingwa wetu wa tenisi aliyestaafu majira ya baridi yaliyopita, hakuyapokea. Aliyatupia jicho, akahesabu. "Kumi na mbili," akasema. "Nani amekufa?" Nilinunua kumi na moja, naapa! Lakini muuzaji aliposikia ni ya Yadviha alichomeka na lake moja la salamu, nami kwa furaha nikasahau kwamba kwetu maua ya namba shufwa hupelekwa makaburini. Nimeendesha lori nchi kumi na tisa na kuziona zote kutoka maegeshoni, ndiyo maana kijiweni wananiita Balozi. Balozi huyo ndiye walimtuma akamwombe Yadviha atuchezee mechi ya tenisi ya Jumamosi dhidi ya wakazi wa jengo namba tisa, wanaotufunga mwaka wa nane huu. Alichomoa waridi moja, akanirudishia kumi na moja. "Nitafikiria." Nikashuka uani, kwenye benchi letu hapa mjini Hrodna, Shangazi Rehina akimimina kahawa kutoka kwenye chupa ya chai.

— Kasemaje? — aliuliza Jenerali, ambaye jeshini alikuwa mpishi.

— Atafikiria.

— Umemzika mzima mzima, halafu unataka afikirie! — Rehina akaniwakia.

— Atakubali tu, — akasema Profesa, fundi wa lifti. — Mmesahau Melbourne? Seti ya tatu, yuko nyuma tano bila, akabeba gemu saba mfululizo!

— Viazi vile, — Jenerali akasema. — Tangu ana miaka sita anachimba viazi kwa bibi yake. Ule mpigo wake wa nyuma ni jembe lile lile.

— Mimi nimechimba miaka hamsini, mbona Melbourne sijaiona? — Rehina akauliza.

— Shangazi, — Jenerali akamjibu, — wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini.

— Yeye kawika mpaka Paris!

— Si unaona sasa? Yeye si jogoo.

Profesa akaweka kikombe chini.

— Acheni porojo. Siri ni lifti. Iliharibika alipozaliwa, ikakaa hivyo miaka kumi na miwili. Ghorofa ya tisa, mara nne kwa siku! Miguu ile niliitengeneza mimi, kwa kutoitengeneza lifti.

— Na ule ukimya? — Jenerali akapandisha dau. — Wenzake wanapiga mayowe kila mpira, yeye kimya. Kuna daktari alishuka jukwaani kumpima kama anapumua!

— Uongo mtupu, — nikasema, — lakini sikieni kweli. Ureno, dereva mmoja aliniuliza natoka wapi. Nikamtajia nchi, hakuijua. Nikasema Karpuk. Akanikatia nusu ya soseji yake.

Tukagonganisha vikombe. Hata Rehina.

— Jumamosi tukifungwa tena, — Jenerali akasema, — mimi nahama.

Tsimafei, jirani aliyehamia wiki mbili tu zilizopita, alikuwa amesimama kando yetu na mbwa wake.

— Samahani majirani. Lile bega la kulia la Yadviha, lililomfanya astaafu, siku hizi linainuka mpaka wapi?

Tulijua kila mpira aliowahi kupiga. Hilo hakuna aliyelijua. Rehina akatikisa chupa, tupu.

Ndipo Yadviha akatoka na ndoo ya taka mkono wa kushoto. Wa kulia ulilala ubavuni, umetulia mno. Jenerali akasimama wima.

— Yadviha binti Pavel, Jumamosi tunakutegemea. Kidogo tu, hata kwa mkono mmoja.

— Hao wapinzani wana umri gani?

— Mkubwa wao ana sabini na mmoja, — Profesa akakiri kwa sauti ya chini.

Yadviha akacheka mpaka ndoo ikayumba.

— Nimekimbia kwa niaba yenu miaka kumi na tisa, wazee wangu. Bega lililobaki hata nywele halichani. Jumamosi kimbieni nyinyi, mimi nikae benchini nipige domo.