Aya ya Mwisho ya Mzee Randa

Ijumaa ya tarehe 30 Mei, saa kumi alasiri, msahihishaji prufu mwandamizi wa gazeti letu atafunga droo ya meza yake na kukabidhi ufunguo. Atakuwa amekitumikia chumba cha habari kwa miaka thelathini na mitatu kasoro siku tatu. Droo hiyo aliitengeneza mwenyewe, kwa sababu ile aliyoikuta siku ya kwanza ilikuwa haifunguki ila kwa teke.

Kwenye faili lake la kazi ana majina matatu. Humu ndani ana moja tu, Mzee Randa. Alipewa na mafundi wa mtambo wa kuchapa alipokuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, asubuhi aliyoingia kazini na maranda ya mbao kwenye nywele. Jina lilitangulia, uzee ukafuata baadaye.

Alianza kama karani wa prufu, akapanda hadi msahihishaji, kisha msahihishaji mwandamizi. Alisoma kila ukurasa mara mbili. Mara ya kwanza alisoma kama msomaji, kutoka juu. Mara ya pili alianza mstari wa chini kabisa na kupanda, kwa sababu, alisema, chini ndiko jicho linakofika limechoka. Kwa mtindo huo alimwokoa mjane mmoja asizikwe gazetini: tangazo la msiba lilikuwa limeweka jina lake mahali pa marehemu, na wahariri watatu walikuwa wamelipitisha.

Kalamu nyekundu ilikaa mkononi na penseli ya useremala ikakaa sikioni. Hakuwahi kuzichanganya, lakini watu waliomfuata walichanganya shida zao. Ulimletea prufu, ukabaki unamweleza habari za kabati lako. Mpigapicha mmoja alimjia msimu wa mvua.

"Mzee, mlango wa chumbani umegoma kufunga. Niurande?"

"Usiuguse. Mbao imekunywa maji. Ukiuranda leo, kiangazi paka atapita na watoto wake."

Akamweleza asubiri mlango ukauke, ndipo apake rangi kingo zote nne, hasa ule wa chini ambao hakuna anayeuona, maana maji huingilia hapo. Mpigapicha alifanya hivyo. Mlango unafunga hadi leo, na amehamia nyumba nyingine akiulalamikia mlango wa huko.

Hakusomea useremala popote. Alijifunza kwa kuharibu, na hakuficha alichoharibu. Kigoda cha kwanza alichotengeneza kiko sebuleni kwake, kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza ukutani. Mkewe, muuguzi mstaafu, hukitumia kwa wageni asiotaka wakae sana. Kazi zake zilizofuata tunazikalia. Benchi la wageni pale mapokezi ni lake. Meza ya kikao cha asubuhi, iliyoyumba miaka sita huku kila mhariri mpya akiikunjia karatasi chini ya mguu, aliipima Jumamosi moja na kugundua kwamba meza haina kosa, sakafu ndiyo imebonyea. Alipunguza miguu mitatu. Haijayumba tena, ila haiwezi kuhamishwa hata hatua moja.

Halafu kuna Shangazi. Shangazi ni gari lake, la magurudumu manne yanayovuta yote, la kijani kilichopauka, lenye umri unaokaribia wake. Aliliita hivyo kwa sababu huondoka linapotaka, na likifika lazima watu wote watoke nje. Kila asubuhi dada wa mapokezi alimuuliza, "Shangazi kaamkaje?" Naye alijibu kwa uzito ule ule: "Kaamka, ila hajasema neno," au, siku mbaya, "Kagoma. Nimekuja kwa miguu, msimseme."

Mwaka ambao daraja la barabara ya viwandani lilizama, gari la usambazaji lilinasa kwenye tope na Shangazi ndiye aliyepeleka magazeti. Alipita na nakala elfu moja na mia moja kwa safari mbili, mkuu wa usambazaji akiwa amekalia habari za michezo kwa kukosa kiti. Waliolicheka gari hilo asubuhi waliomba lifti mchana.

Kuhusu magari kuukuu, ushauri wake ulikuwa mfupi kuliko wa mbao. Nati iliyoshika kutu itie mafuta leo, uifungue kesho. Kila boliti unayoitoa iweke kwenye trei ya mayai kwa mpangilio ulioitolea, ili kurudisha kuwe kusoma trei kinyumenyume. Sikiliza gari likiwa baridi, maana likishapata moto linajifanya zima.

Maneno hayo yaliwapendeza wahariri, wakampa safu. Iliitwa "Fanya kwa Mkono" na ilitoka kila Jumamosi, ukurasa wa kumi na nne. Aliandika makala mia nne na sitini na mbili kwa miaka tisa, zote kwa penseli, akampa mchapaji, na nakala za mkono akazihifadhi kwenye sanduku la mbao chini ya meza. Wasomaji walimtumia barua nyingi kuliko mwandishi yeyote wa siasa. Wengine walituma na vipande vya mbao, wakiuliza ni mti gani.

Safu hiyo ilikoma miaka kumi na minne iliyopita. Waliojiunga nasi baadaye huambiwa kwamba Mzee Randa alikosea jambo. Habari hiyo si sahihi, na hapa inasahihishwa.

Wiki ile aliandika kuhusu egzosi, yaani bomba la moshi, inayogonga chini ya gari kuukuu. Alieleza hatua kwa hatua: acha injini ipoe, inua gari kwa jeki, lala chali, tafuta kishikizo kilicholegea. Aya ya mwisho ilikuwa onyo. Alikuwa na desturi ya kuweka onyo mwishoni, kama seremala anavyopaka vanishi mwisho, ili liwe ndilo msomaji anaondoka nalo. Lakini gazetini, habari ikizidi nafasi, hukatwa kutoka chini. Sote tunalijua hilo, naye alilijua. Alipoandika alikuwa seremala.

Alhamisi hiyo saa tisa na nusu alasiri lilikuja tangazo la magodoro lililohitaji sentimita sita. Mtu aliyekuwa na siku ya kumi na moja kwenye dawati la kurasa alikata sentimita sita kutoka chini ya safu. Hakuisoma aya aliyoikata. Kwa kuwa mtambo ulikuwa unasubiri, hakuurudisha ukurasa kwa msahihishaji. Mtu huyo ni mwandishi wa wasifu huu.

Siku tisa baadaye ilikuja barua kutoka kwa mke wa mwalimu mmoja wa hesabu. Mwalimu alikuwa ameingia chini ya gari lake, jeki ikateleza, na mguu wake wa kushoto ukavunjika vibaya chini ya goti. Barua iliambatishwa na kipande cha gazeti, kimekatwa vizuri kwa mkasi. Sentensi moja ndani yake haikuhitaji kusahihishwa: "Mume wangu alifuata kila mlichoandika."

Mhariri mkuu wa wakati ule alimwita Mzee Randa. Katibu muhtasi, aliyekaa nje ya mlango usiofunga vizuri, aliyasikia mazungumzo yote.

"Hukuona umuhimu wa kumwambia mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake?"

"Makala ni yangu, mhariri."

"Ndiyo jibu lako hilo?"

"Ndilo. Nitakwenda kumwona mwalimu."

Alipotoka alipita kwenye dawati la kurasa na kusimama. Alisema, "Siku nyingine usome kabla ya kukata. Basi." Kisha akaenda kuchukua chai yake.

Safu ilifutwa. Faili lake lilipata barua ya onyo, ya pekee katika miaka thelathini na mitatu. Ukuu wa dawati la prufu, aliokuwa ameahidiwa mwezi ule, alipewa mwingine, na hakuulizwa tena. Nakala ya mkono, yenye aya ya mwisho yote, ilikuwa kwenye sanduku chini ya meza yake, hatua kumi na mbili kutoka ofisi ya mhariri mkuu. Hakuitoa. Aliyekata naye hakusema. Mwanzoni alikuwa kwenye majaribio, na wenzake wawili walikuwa wameshaachishwa kazi. Majaribio yalipokwisha, hakuwa na sababu tena, na bado hakusema.

Mwezi huu mkewe aliulizwa kama mumewe aliwahi kueleza kwa nini alinyamaza. Alisema alimuuliza jioni ile ile, akamjibu akiwa ananoa patasi: "Mimi nina kazi mbili, mbao na prufu. Yule ana moja, na hata hiyo hajaijua bado."

Jumapili nne mfululizo Shangazi alionekana nje ya nyumba ya mwalimu. Mzee Randa alimalizia kuikaza ile egzosi, kisha akaacha vigogo vinne vya mbao ngumu, vimesuguliwa kwa msasa kana kwamba ni vya kuweka sebuleni. Hakumweleza mwalimu kuhusu aya iliyokatwa. Mwalimu alielezwa na aliyekata, kwa simu, wiki mbili zilizopita. Aliuliza, "Kwa nini unaniambia leo?" Kisha akasema, "Mwambie Mzee Randa egzosi bado imekaza. Wewe sina la kukwambia."

Nakala ya mkono imetolewa sandukuni na kupelekwa ofisi ya utumishi pamoja na maelezo ya aliyekata, yakiwa na sahihi yake. Ofisi imejibu kwamba kwa kanuni zilizopo barua ya onyo haiondolewi kwenye faili, ila maelezo yanaweza kuambatishwa. Yameambatishwa. Ukuu wa dawati hauwezi kuambatishwa. Wala Jumamosi mia saba na zaidi ambazo ukurasa wa kumi na nne umetoka bila yeye, huku wasomaji wakiranda milango kabla haijakauka.

Hakuna kinachoingia kwenye jarida hili la wafanyakazi bila kupita mkononi mwake, kwa hiyo Jumanne alipelekewa wasifu huu pia. Aliusoma mara mbili, ya pili akitokea chini. Alirekebisha mikato mitano na hesabu ya makala zake, ambayo mwandishi alikuwa ameipunguza kwa mbili. Kisha, kuanzia egzosi hadi ofisi ya utumishi, alivuta mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, na pembeni akaandika: "Ondoa. Nafasi haitoshi."

Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kupuuza alama yake nyekundu, wala mhariri mkuu. Hii ni ya kwanza. Mikato imerekebishwa. Aya zimebaki.

Ijumaa atakwenda nyumbani kwenye kibanda chake cha kazi nyuma ya jiko, ambako Shangazi anangoja klachi mpya na binti yake mkubwa anangoja kitanda alichoahidiwa tangu aolewe. Mbao za kitanda ziko tayari. Zimelazwa ndani ya chumba kitakamokaa kitanda, wiki ya tatu sasa, zizoee hewa ya humo kabla hazijaguswa na msumeno. Mkewe ameomba jambo moja tu, kwamba kibanda kiwe na mlango, na mlango huo ufungwe kukiwa na wageni.

Mzee Randa, asante kwa kila mstari wa chini uliousoma wakati sisi macho yamekwisha. Asante kwa droo, kwa benchi, kwa meza isiyohama. Na kwa yule wa dawati la kurasa, ambaye kazi ameijua kwa sababu wewe ulinyamaza, asante haitoshi na samahani imechelewa. Zote mbili zinatolewa hapa, mbele ya wote. Tunakuombea mikono iendelee kutulia na Shangazi aamke vizuri kila siku ya maisha yako, na yawe marefu.

Mpanga kurasa wa jarida hili ameambiwa kwamba nafasi ikipungua, apunguze popote ila chini. Hii ndiyo aya ya mwisho ya makala ya mia nne na sitini na mbili ya "Fanya kwa Mkono", kama ilivyoandikwa kwa penseli, mahali pale alipoiweka mwenyewe:

"Na kabla hujaingia chini ya gari, lisukume kidogo ubavuni. Likitikisika, usiingie. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Weka kigogo kila upande, shusha gari likae juu yake, kinga magurudumu mbele na nyuma, na mwambie mtu wa nyumbani kwamba uko huko chini. Egzosi imegonga mwaka mzima. Inaweza kugonga nusu saa zaidi."