Si Yeye Aliyelichemsha Gari la Mwalimu Mkuu

Ndugu, jamaa na majirani, karatasi hii mliyoshika nimeiandika mimi, mdogo wa pekee wa marehemu, na ninaisoma mwenyewe. Mtakuta humu tarehe na mahali kama ilivyo kawaida. Mtakuta pia jambo moja ambalo marehemu hakutaka lisemwe. Nalisema kwa sababu tangu mwaka 1985 mtaa mzima umemwita Fundi Chemsha kwa kosa ambalo si lake, na sitaki azikwe nalo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta ya zamani. Baba yetu alikuwa karani, mama yetu mkunga. Mama alikuwa hamgusi mgonjwa kabla ya kumuuliza maswali, na kaka alikaa mlangoni akiyasikiliza yote mpaka afukuzwe. Siku mama alipougua mgongo, kaka akiwa na miaka sita alimwendea kitandani na kumuuliza, "Inauma ukikaa au ukisimama?" Mama alicheka mpaka mgongo ukamuuma zaidi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha chuo cha ufundi kuanzia 1973 hadi 1975. Hesabu alizipenda. Mwandiko wake ulikuwa wa kuku aliyekanyaga wino, na haukubadilika hadi mwisho.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika gereji kubwa iliyokuwa nyuma ya kituo cha mafuta, na haikupita muda magari yote yaliyokuwa yanachemka yakawa yake. Kabla ya kufungua boneti alimuuliza mwenye gari, "Linachemka likiwa limesimama kwenye foleni, au likipanda mlima?" Likichemka kwenye foleni alianza na feni. Likichemka mlimani alishuku rejeta imeziba kwa kutu. Kisha aliishika mipira ya maji: wa juu ukiwa wa moto na wa chini baridi, alijua themostati, kile kilango kinachoruhusu maji kupita injini ikipata moto, imegoma kufunguka. Mafundi wengine waliing'oa na kuitupa, mteja akaondoka anashukuru. Marehemu alisema huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Yeye aliichemsha kwenye sufuria mbele ya mteja, na isipofunguka aliweka mpya. Lakini kwanza lazima injini ipoe. "Subiri," alisema, akaketi juu ya tairi.

"Kwani wewe fundi huna kazi?" mteja mmoja alimuuliza.

"Ninayo, mzee. Ndiyo hii ninafanya."

Wakati huo jina lake lilikuwa Fundi Subiri. Wachache wanalikumbuka.

Agosti 1985 nilikuwa mwalimu mpya, bado katika kipindi cha majaribio. Mwalimu Mkuu wangu aliniuliza kama namjua fundi wa kuaminika. Gari lake lilikuwa kuukuu, limeshapita mikono mitatu, linamaliza maji kila siku na chini halionekani hata tone. Nikampeleka kwa kaka. Siku mbili alilizunguka gari lile. Aliangalia oili kama imegeuka rangi ya maziwa, akaona ni safi, kwa hiyo maji hayakuwa yanaingia huko. Mwisho aliliwasha, akalala chini yake juu ya gunia, na hapo akamwona mwizi: pampu ya maji ilikuwa inatoa jasho injini ikiwa ya moto tu, na upepo wa feni unalikausha kabla halijadondoka. Pembeni mwa pampu palikuwa na ukoko mweupe. Pampu mpya ilikuwa ifike Jumatatu. Kwa mwandiko wake ule aliandika kwenye kipande cha boksi USIWASHE, akakiweka juu ya usukani.

Jumamosi tarehe 17 nilimpelekea chakula cha mchana. Alikuwa ametoka kwenda dukani. Mimi Jumatatu nilikuwa na mtihani wa udereva, na ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari. Kile kipande cha boksi nilikiona. Nilidhani ni vitisho vya mafundi, nikakitupa kiti cha nyuma.

Nilijiambia nitazunguka mara moja tu. Kwenye kilima cha kwenda hospitali mshale wa joto uliingia kwenye nyekundu, nami nikazidi kukanyaga mafuta ili nifike juu upesi. Nilipofika juu gari lilizimika na mvuke ukatanda. Niliomba ndoo ya maji nyumba ya jirani, na mvuke ulipopungua nikafungua mfuniko kwa kitambaa, nikamimina maji baridi ya bomba. Ndani kulilia "ta!" Kichwa cha injini kilikuwa kimepasuka.

Kaka alinifikia kwa miguu, anahema.

"Umeungua?"

"Kaka, nimeua gari la Mwalimu Mkuu."

"Nimekuuliza umeungua? Hebu nione mikono."

Aliigeuza viganja na migongo. Kisha akasema, "Nenda nyumbani. Leo hukufika gereji. Umenisikia?"

Kwa Mwalimu Mkuu alikwenda mwenyewe. "Nililitoa kulijaribu, Mwalimu," alimwambia. "Nilikosea." Jumatatu hiyohiyo alifukuzwa kazi. Ningesema ukweli, ningefukuzwa mimi. Nilikaa kimya.

Wiki ile Mwalimu Mkuu aliingia chumba cha walimu, akaniita mbele ya wote, "Mwalimu, mbona hukuniambia kaka yako ni Fundi Chemsha?" Walimu wakaangua kicheko. Nami nilicheka. Jina hilo lilitoka chumbani mule, na mimi ni mmoja wa waliolisindikiza mpaka mlangoni. Mwalimu Mkuu, leo umekaa hapa mbele na fimbo yako, na ninakuomba radhi. Hukudanganywa na kaka peke yake. Nilikuwa nakusalimia kila asubuhi.

Hakuna gereji nyingine iliyomchukua. Januari 1986 alifungua banda lake la mabati kando ya duka la vifaa vya ujenzi, na alifanya kazi hapo hadi 2022. Waliomcheka walimletea magari yaliyowashinda wengine, akayapokea bila kinyongo. Mimi nilifundisha miaka thelathini na tatu, nikastaafu kwa zawadi na hotuba. Alihudhuria, akapiga makofi kuliko wote.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi cherehani, aliyemjia na gari aliloachiwa na baba yake, likiwa linachemka. Mara ya kwanza alipoambiwa asubiri alinuna. Mara ya pili alikuja na mashati sita ya kutia vifungo, akakaa tairi la pili. Kaka zake wifi walimsimanga: "Umekosa wanaume mpaka uolewe na Chemsha?" Akawajibu kwamba aliyekosea mara moja hatarudia. Walijaliwa watoto watatu.

Oktoba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alimhoji daktari wake kuliko daktari alivyomhoji yeye. Mwezi Januari, akiwa wodini, nilimwambia nataka kusema.

"Useme ili iweje?" alinijibu. "Mwalimu Mkuu ana miaka themanini na saba. Mwache mzee wa watu."

"Na wewe je, kaka?"

"Mimi wateja wangu wananijua. Nipe maji."

Alifariki Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Jumapili nilimweleza wifi yangu yote.

"Miaka thelathini na sita," alisema, "nimemtetea kwa ndugu zangu kwa kosa ambalo hakulifanya. Na wewe ulikuwa unakula mezani kwangu."

"Nisamehe, wifi."

"Usiniombe msamaha leo. Kaandike, ukasome mbele ya watu."

Ndiyo maana nimesimama hapa, kinyume cha alivyotaka kaka. Sijioni shujaa. Nimesubiri mpaka ashindwe kunisikia.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo mmoja wa kike aliyefundisha maisha yake yote kwa gharama ya kazi ya kaka yake. Alikuwa na makosa yake kama sisi sote, na wifi yangu anaweza kuyataja. Hili la gari halimo. Yeye apumzike kwa amani, na kosa hili libaki huku juu na mimi, mwenye nalo.