Skrubu Alizozichagua Kaka Kelepi

Mchungaji, dada yetu Melenaite uliyeketi upande wa kichwa cha marehemu kama ilivyo haki yako ya dada, majirani wa Leimatu'a, na ninyi mliovuka bahari kuja kulia nasi, mimi Saia, mdogo wake Kelepi Moala, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitajitahidi sauti isinikatike.

Kaka alizaliwa hapa Leimatu'a tarehe 4 Machi 1951, akasoma shule ya kanisa mjini Neiafu hadi mwaka 1967, na mwaka 1970 akaanza kutengeneza injini za mashua gatini, kazi aliyoifanya mpaka mguu ulipomkataa. Tarehe 12 Agosti 1976 alifunga ndoa na Lusiana, huyu aliyejifunga kiunoni mkeka mkubwa wa maombolezo, wakajaliwa mabinti watatu na mwana mmoja, Penisoni.

Kazini alikuwa msumbufu, tusimpambe kwa kuwa amelala. Hakugusa skrubu kabla ya kuisafisha kichwa na kuijaribia bisibisi, ya bapa ienee mfereji wote wa skrubu, ya nyota iketi bila kucheza, na palipotaka nguvu nyingi aliweka skrubu ya kichwa cha pembe sita. Alitufundisha kwamba nyota ya injini za Kijapani na nyota ya bisibisi zinazotujia kutoka New Zealand ni mapacha wa sura tu, ukizichanganya utakula kichwa cha skrubu na injini haitafunguka.

Mwaka 2011 Penisoni alirudi kutoka Auckland na bisibisi ya umeme, akaivamia injini ya mashua ya kanisa kwa nyota isiyo yake, ikateleza, akakandamiza, vichwa vyote vikalika vikawa mashimo. Kaka akamwambia mbele ya watu, “Mikono unayo, subira huna, sanduku langu la vifaa usiliguse tena!” naye akajibu, “Baba, dunia imekwenda, wewe umebaki unasugua kutu!” Akarudi Auckland, wasisemezane miaka kumi na miwili, kila mmoja akinipigia simu mimi kuuliza hali ya mwenzake, na iliniuma sana.

Kisukari kilimwanza mwaka 2015, kikamchukua mguu mwaka 2021, na Mei mwaka huu Penisoni akaja kumuuguza, akamnyoa, akamlisha viazi vikuu, lakini walizungumza habari za mvua tu. Ndipo kaka akanituma nitafute skrubu za shaba zenye mfereji mmoja, za jeneza lake. Nikamwambia, “Kaka, hizo nani anazitaka siku hizi? Mashine haiziwezi, inateleza.” Akasema, “Ndiyo maana nazitaka. Afunge Penisoni, kwa mkono, asinikimbize.” Alifariki tarehe 9 Juni 2023, hospitalini Neiafu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta nguruwe na mikeka, na mafundi wenzake wa gatini waliochonga jeneza hili.

Penisoni, mwanangu, sanduku la vifaa la baba yako liko wazi, na bisibisi yake bapa ipo juu ya ngatu, hii nguo ya magome, nimeijaribu kwenye skrubu zake za shaba, inaenea. Njoo umfungie, hakuna anayekuharakisha.

Kaka Kelepi, pumzika kwa amani.