Sitoki Mwea na Hii Tumbo Yangu

Hamjambo wamama. Wazee huko nyuma, hata nyinyi. Nimeambiwa niongee kidogo tu, lakini mwenye aliniambia hivyo ananijua, kwa hivyo kaeni vizuri. Na niseme mapema: leo nitataja choo hapa kanisani. Nitaitaja mara mingi. Pasta, usiangalie chini, hata wewe unaenda.

Mimi nilizaliwa huko juu Othaya, kwa majani chai na baridi. Mzee wangu, Mungu amlaze mahali pazuri, akanioa akaniteremsha hapa Mwea nikiwa msichana, nikajuana na mpunga na mbu siku moja.

Sasa nyinyi mnajua shamba ya mpunga. Imelala kama hii meza. Hakuna kahawa ya kujificha, hakuna ndizi, hakuna kitu. Mtu akichuchumaa hapa anaonekana mpaka Kagio. Siku tumbo yangu ilianza tulikuwa tunapanda, tumeinama kwa matope tumepangana laini, na nikasikia imenishika hivi. Nikaacha miche kwa maji, nikakimbia juu ya mtaro. Nyuma nasikia mtu ananiitia mimi nyanya wa watu, "Ngai! Cucu amewekwa injini!"

Mwenye alisema yuko hapa. Sitaji jina. Lakini upande wa hiyo dirisha naona mtu ameanza kutafuta leso.

Hata mimi nilicheka. Lakini huko nilienda niliona damu. Nikarudi nikainama nikapanda, sikuambia mtu. Ikawa ni hivyo kila siku, kukimbia na damu, kukimbia na damu, mpaka sketi ikaanza kuanguka nikaifunga na kamba ya gunia.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna ugonjwa iko na madaktari wengi kama tumbo. Kila mtu alijua. Mwenye duka ya dawa alijua ni amiba. Mwingine alijua ni taifodi. Jirani alijua ni vidonda, nikunywe maji ya kabeji. Dada mmoja wa hii kanisa alijua ni watu wa Othaya wamenitupia kitu, ati kwa sababu niliolewa mbali. Na mimi mwenyewe nilijua ni malaria, si hapa kwetu kila kitu ni malaria? Nikanunua tembe dukani bila kupimwa nikameza. Sisi wote tunajua, na mimi nakonda tu.

Kijana wangu wa kwanza akanipeleka Nyeri. Hospitali wakaniingiza kamera, huko nyuma. Ndio, nyuma! Mnashtuka nini? Inaingia, inaangalia, inatoka. Ile kazi ni kuoshwa tumbo siku ya kwanza, kamera yenyewe haina neno.

Daktari alikuwa mama kijana, mpole. Akaniambia, "Cucu, si kansa. Si amiba. Matumbo yako imevimba na iko na vidonda. Ni askari wa mwili wako wamechanganyikiwa, wanapiga mwenye nyumba."

Nikamwambia, "Basi ni kama askari wa kwetu." Afande, niwie radhi, nakuona hapo.

Akaniandikia dawa ya kutuliza hao askari. Akasema hii ugonjwa haiishi kabisa, lakini inaweza kulala nikaishi vizuri. Halafu akaniuliza ninakaa wapi. Nikasema Mwea, kwa mpunga. Akaangalia tena ile karatasi ya dawa. Mimi sikusoma, lakini uso wa mtu ninasoma. Nikamuuliza, "Daktari, ukituliza askari, na kwetu mbu ni wengi vile, malaria si itanipata haraka?"

Akaweka kalamu chini. Akasema, "Hatujui vizuri, cucu. Kuna watu wa utafiti wanatafuta hiyo jibu."

Hatujui! Wamama, nilitaka kumbeba mgongoni. Watu wote walijua na nikakaribia kufa. Huyu ni wa kwanza kusema hajui, na ndiye amenisimamisha!

Hao watu wa utafiti walikuwa wanataka wagonjwa wa tumbo kama mimi wenye wanaishi kwa mbu. Unapimwa damu, unaleta choo kwa kakopo, na ukisikia mwili imepata joto unapiga simu upimwe siku hiyo hiyo. Walisema wazi: ukikataa hakuna ubaya, na dawa yako utaendelea kupewa tu. Nikasema niandikeni.

Vita ikaanza nyumbani. Kijana wangu akasema, "Mama, unarudi Othaya kwa mjomba. Huko hakuna mbu."

"Na shamba?"

"Tutaandika mtu."

"Na baba yako amelala hapo nyuma ya nyumba, huyo naye utamwandikia mtu?"

"Mama, wanakufanya panya wa kujaribia!"

Nikamwambia, "Panya haulizwi. Mimi niliulizwa. Na niambie, kama wagonjwa wote watakimbia kwa baridi, nani atajibu hiyo swali? Mjomba wako? Yeye hajaumwa na mbu tangu azaliwe!"

Alikasirika akaenda. Na huku kijijini mkaanza: ati cucu anauza damu, ati anabeba kinyesi Nyeri, wanaenda kuifanya nini? Nikaacha kuficha kakopo. Nikawa nakashika mkononi kama simu. Mtu akiuliza, nakanyosha: "Shika, uone mwenyewe." Hakuna mtu aliuliza mara ya pili.

Dawa ikashika. Tumbo ikalala. Nikarudi kwa matope, nikapanda laini yangu nikamaliza bila kukimbia, na mkanitazama.

Halafu joto ikakuja. Ilikuwa wakati wa kufukuza ndege kwa mpunga. Nikasikia baridi na jua iko juu, meno inagonga, kichwa ni kama inapasuliwa kuni. Miguu ikataka kwenda dukani kununua tembe, vile tumezoea. Nikaikataza. Nikapigia nesi wa utafiti, nikapimwa hapa karibu.

Malaria. Ya kweli, imeonekana kwa damu.

Nikapewa dawa yake, nikaanza kunywa. Lakini kijana wangu alikuwa amesikia. Akakuja na pikapu na watu wawili, kufika tu wakaanza kubeba kitanda. Na mimi niko juu yake! Tulipofika mlangoni nikashika fremu na mikono mbili.

"Mama, achilia!"

"Siachilii!"

"Si nilikuambia? Hiyo dawa ya tumbo imekuletea malaria. Iache, twende Othaya!"

Wamama, nilikuwa nachemka, na niliogopa. Siwadanganyi. Nilifikiri labda ako na haki. Nikasema, "Piga simu kwa daktari. Akisema niende, nitaachilia hii mlango."

Akapiga, tukasikia wote. Kijana akauliza kwa ukali kama ni ile dawa. Daktari akasema, "Kwa mtu mmoja siwezi kujua. Hapo kwenu watu wanapata malaria hata bila hiyo dawa. Lakini amepimwa mapema na ameanza matibabu, hiyo ndiyo imemsaidia. Dawa ya tumbo asiache mwenyewe, kesho aletwe nimuone. Mahali pa kuishi, achague yeye."

Nikamwangalia kijana wangu. "Umesikia? Achague yeye. Rudisheni kitanda."

Wakarudisha. Aliketi hapo karibu na miguu yangu, mtu mzima na ndevu, akalia. Akaniambia, "Mama, niliogopa kukuzika." Nikampiga kofi kidogo ya mapenzi. Kesho yake akanipeleka kwa daktari, na siku hizi yeye ndiye ananikumbusha dawa mpaka ananichosha.

Nashukuru huyo daktari, na nesi wa simu. Nashukuru kijana wangu na pikapu yake. Nashukuru hata nyinyi mlinicheka, mlinipatia hasira ya kupona. Mimi niliacha shule darasa la tatu, lakini damu yangu iko chuo kikuu, inasomesha watu! Na jibu bado haijapatikana. Nikiuliza wananiambia "hatujui," na mimi nawaambia endeleeni, niko.

Kitu nataka mshike ni hii: ukiona damu chooni, sema. Hata kama ni mbele ya pasta. Joto ikikushika, pimwa, usikimbilie dukani. Na dawa ya daktari usiache kwa maneno ya jirani.

Sasa, kuna kitu moja sijawaambia. Hao watu wanakuja hapa zahanati yetu wiki ijayo, na safari hii hawataki wagonjwa peke yake. Wanataka pia watu wako na tumbo mzuri, wa hii Mwea, wa hizi mbu, wawalinganishe na sisi. Hakuna kulazimishwa, mtaelezwa, mtauliza, mtakataa mkitaka. Lakini nilikuwa nawaza, watu wenye walijua ugonjwa yangu vizuri vile, watakosaje?

Mama wa dirishani, weka leso chini. Nitakupitia asubuhi. Kakopo nitakubebea mimi.