Vyuo Arobaini Vinavyomgombania Tessa

Kwa miaka thelathini Wendell alisambaza barua za posta mjini Pittsburgh. Kwa hiyo mwanamke aliyeketi mbele yake kwenye basi alipotoa bahasha nene mkobani, Wendell aliitambua hata kabla ya kuisoma: barua ya chuo kinachotafuta wanafunzi.

"Hiki ni chuo cha arobaini," mwanamke alimwambia aliyeketi kando yake, mama mwenye kofia ya sufu. "Tessa wangu yuko darasa la kumi na moja tu, na wanamgombania hivi."

"Kwenye fomu ya mtihani wa Oktoba si aliweka alama ya kukubali vyuo vimwandikie?"

"Aliweka."

"Basi usivimbe kichwa, dada. Wanamwandikia kila mtoto. Wangu, chuo kilichombembeleza kuliko vyote ndicho kilichomkataa."

"Huyo ni wako. Tessa wanamwandikia kwa jina lake."

Wendell alitazama dirishani asije akacheka. Mitaa mizima iliandikiwa kwa majina, na mgongo wake uliozibeba barua hizo ulikuwa shahidi.

"Mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi kitu. Zote kazitupa kwenye boksi. Moja tu kaibandika kwenye friji, ya chuo cha Montana, na hata uuguzi anaoutaka hawafundishi."

"Montana? Si siku tatu kwa gari? Kwani nyumbani mko wangapi?"

"Mimi na yeye tu."

"Basi labda anachokitaka ni umbali, dada," mwenye kofia alisema.

 Basi liliposimama, Wendell akiinuka kushuka, alimwona mama Tessa akiigeuza ile bahasha polepole, akitafuta imetoka mbali kiasi gani.